Kabla Hujasema Alternata Imekufa

Pwani yetu ina sentensi moja inayowagharimu watu hela nyingi: "Hii alternata imekufa." Inatamkwa haraka, mara nyingi na mtu ambaye hata mita hajaishika mkononi, na baada ya hapo mwenye boti anaanza kuhangaikia alternata nyingine, mpya au ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa. Anaifunga, anafurahi siku mbili. Siku ya tatu asubuhi anageuza ufunguo, stata inalia "tik" basi. Lawama zinahamia kwenye betri. Ananunua betri. Wiki moja baadaye yuko palepale, isipokuwa mfuko sasa mwepesi.

Nimeona niliandike jambo hili humu kwa sababu wengi wetu, wa sayansi ya bahari, wa uvuvi, wa uhandisi, tunapanda boti hizi kila msimu wa fildi. Tunavaa maboya, tunashika daftari la data, tunamwachia nahodha mengine yote. Lakini boti yenye betri tupu usiku si usumbufu wa kawaida kama simu kuisha chaji. Betri ile ndiyo inayowasha taa zinazomwonyesha mwenzako mahali ulipo. Ndiyo inayoendesha redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya kuombea msaada. Ndiyo inayosukuma pampu ya kutoa maji kwenye ngama. Ikikata, mnarudi kwenye kufua maji kwa ndoo, na injini ikizimika katikati ya mkondo msimu wa kusi, haiwaki tena. Hapo ndipo mtu anajua kwamba waya mmoja wenye kutu unaweza kuwa na uzito kuliko nanga.

Nizungumzie injini ya ndani kwanza, ile ya dizeli iliyofungwa kwenye boti ya mbao au ya faiba. Mashine za nyuma nitazigusa baadaye, maana zina utaratibu wao.

Kanuni yenyewe tuliisoma sekondari. Sumaku ikizunguka karibu na koili, umeme unazaliwa. Faraday alilionyesha jambo hilo mwaka 1831 na hadi leo hakuna kilichobadilika ila umbo. Ndani ya alternata sumaku inayozunguka si sumaku ya kudumu, ni koili inayopewa umeme kidogo kupitia kaboni mbili zinazoiparaza. Koili zisizozunguka, zilizoizunguka hiyo, ndizo zinazotoa umeme wenyewe. Umeme huo unakwenda mbele na nyuma, betri haiutaki, kwa hiyo unapitishwa kwenye dayodi ambazo zinauruhusu kwenda upande mmoja tu. Kisha kuna kidhibiti, kipande kidogo mgongoni mwa alternata, kazi yake kupunguza au kuongeza ule umeme wa kaboni ili volti zisipande kupita kiasi. Hayo ndiyo yote. Mtu aliyefaulu fizikia ya kidato cha nne hana sababu ya kuiogopa.

Kabla ya kugusa chochote, fanya hesabu. Tuseme boti ina betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 100 kwa saa. Taa za usiku zinakula ampea 2, kifaa cha kutazama kina na samaki ampea 1, redio ikisikiliza tu nusu ampea. Jumla ampea 3 na nusu. Usiku wa saa 12 umekula 42. Betri ya kawaida ya asidi haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo umebakiwa na kitu kidogo sana, na pampu sijaihesabu. Watu wengi wanadhani stata ndiyo mlafi. Kweli inavuta ampea 200 na zaidi, lakini kwa sekunde 5 tu, na ukizidisha unapata chini ya theluthi moja ya ampea kwa saa. Kinachomaliza betri ni vitu vidogo vinavyokaa muda mrefu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwenye boti ni hili: mzee, umeongeza taa ngapi mwaka huu, na injini inatembea saa ngapi? Wengine wamefunga taa za kuvulia, spika na chaja za simu sita, halafu wanatembea dakika 20 kwenda na 20 kurudi. Alternata haina kosa hapo.

Sasa nieleze kesi moja, maana ndiyo iliyonifundisha mpangilio wa kupima. Ilikuwa boti ya kukodi pale Kunduchi, ya mbao, injini ya dizeli ya silinda tatu. Ilikuwa imeshabadilishiwa alternata mara mbili ndani ya mwaka, na betri ilikuwa na miezi mitatu. Fundi wa tatu naye alikuwa ameshatoa hukumu ileile. Nahodha, mtu mzima wa kuheshimika, alikuwa amekata tamaa kabisa.

"Shikamoo mzee. Hebu nieleze, inagoma kila siku?"

"Marahaba mwanangu. Si kila siku. Nikienda mbali, nikashinda huko, kesho yake inawaka vizuri tu. Nikifanya safari fupifupi za kuwavusha watu, siku ya pili au ya tatu imelala."

Jibu hilo lina thamani kuliko mita. Betri mbovu isingejali safari ndefu wala fupi, na alternata iliyokufa isingejaza hata ukitembea hadi Mafia. Maneno ya mzee yalikuwa yanasema: umeme unafika, ila unafika kidogokidogo. Kuna kitu njiani kinaubana.

Tulianza na betri hata hivyo, kwa sababu kila kipimo kingine kinaiegemea. Betri ya volti 12 iliyopumzika saa kadhaa, bila kuchajiwa wala kutumika, inaonyesha karibu 12.6 hadi 12.7 ikiwa imejaa. Ikionyesha 12.2 iko nusu. Ikiwa 11.9 au chini yake, imekwisha, hata kama taa bado zinawaka kwa unyonge. Ya mzee ilikuwa 11.9. Tuliichaji nchi kavu kwa chaja ya ukutani, tukaiacha usiku kucha bila waya wowote. Asubuhi 12.6. Basi betri ilikuwa inashika, haikuwa na kosa. Tukairudisha, tukafungua waya wa hasi, tukaweka mita ya ampea kati ya waya huo na betri huku kila swichi ikiwa imezimwa, ili kuona kama kuna kitu kinachoiba umeme boti ikiwa imelala. Hakikuwepo. Ukifanya kipimo hiki usithubutu kugusa ufunguo wa kuwashia, fyuzi ya mita itakatika papo hapo.

Hapo ndipo tukawasha injini, tukawasha na taa na pampu ili mfumo uwe na kazi. Mita kwenye vichwa vya betri: 12.95. Mfumo mzima ukiwa sawa ungetarajia kitu kati ya 13.8 na 14.4. Mafundi waliotangulia waliishia hapa. Namba ndogo, basi alternata imekufa, lete nyingine. Lakini namba hiyo inasema betri inapokea nini, haisemi alternata inatoa nini. Tukahamisha ncha za mita: moja kwenye bolti kubwa ya chanya mgongoni mwa alternata, ile iliyoandikwa B+, nyingine kwenye mwili wa alternata yenyewe. 14.3. Alternata ilikuwa nzima kabisa! Volti 1.35 zilikuwa zinapotea njiani.

Kutafuta zinapopotelea ni kazi ya dakika tano, na nadhani ndicho kipimo ambacho kila mtu angejifunza hata kama hatajifunza kingine. Huhitaji kufungua kitu. Injini ikiwa inaunguruma na mizigo imewashwa, weka ncha moja kwenye B+ ya alternata na nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Waya mzuri unatakiwa usionyeshe karibu kitu, maana pande zote mbili ni sehemu moja ya njia. Tulipata 0.15, hiyo inavumilika. Kisha upande wa hasi, ambao watu wengi hawaupimi kamwe: ncha moja kwenye mwili wa alternata, nyingine kwenye hasi ya betri. Volti 1.2. Tukagawa njia hiyo vipande. Kutoka betri hadi kwenye mwili wa injini, 0.1. Kutoka mwili wa injini hadi mwili wa alternata, 1.1. Sentimita chache za chuma, na ndizo zilizokuwa zinakula umeme wote.

Sababu ilikuwa rangi. Injini ilikuwa imepakwa rangi upya, nzuri ya kung'aa, na kishikio cha alternata kikapakwa pamoja nayo. Kila alternata mpya ilifungwa juu ya rangi, na chini ya bolti chumvi ya bahari ikawa imefanya yake. Alternata ya aina hii haina waya wa hasi, inategemea mwili wake uguse mwili wa injini. Pale pasipogusana vizuri, umeme unapita kwa shida. Chukua ampea 20 zilizokuwa zikipita, volti 1.1, unapata wati 22 zinazogeuka joto. Kishikio kilikuwa cha moto mkono wenyewe unahisi, lakini nani anashangaa kukuta chuma cha moto kwenye injini?

Na stata? Stata ilikuwa imefungwa sehemu nyingine ya injini, njia yake ya hasi haikupitia kwenye kishikio, ndiyo maana betri ikiwa imejaa ilizungusha kwa nguvu na hakuna aliyefikiria habari ya athi. Kidhibiti nacho hakikujua kitu. Chenyewe kinapima volti palepale kilipo, kinaona 14.3, kinaridhika. Ni sawa na mpishi anayeonja chakula jikoni kisha mhudumu akamwaga nusu njiani.

Tulifungua bolti, tukakwangua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukafunga tena, tukaongeza na waya mnene kutoka mwili wa alternata moja kwa moja hadi kwenye bolti ya hasi ya injini. Juu tukapaka grisi kuzuia maji ya chumvi. Grisi inakuja baada ya kukaza, si kabla. Betri ikasoma 14.1. Alternata ya tatu haikununuliwa.

Sitaki mtu aelewe kwamba tatizo huwa waya siku zote. Baharini mara nyingi ndivyo, kwa sababu shaba ya kawaida inaoza ndani ya plastiki yake; unakata waya unaoonekana mpya unakuta nyuzi nyeusi au unga wa kijani. Lakini alternata hufa pia, na zinaacha dalili.

Tazama taa ya chaji kwenye dashibodi, ile nyekundu yenye picha ya betri. Watu wanaichukulia kama pambo. Taa hiyo ndiyo inayopeleka ule umeme kidogo wa kwanza kwenye kaboni ili sumaku iamke. Alternata ikishaanza kutoa, pande zote mbili za balbu zinakuwa na volti sawa, hakuna umeme unaopita, inazimika. Kwa hiyo ukigeuza ufunguo kabla ya kuwasha injini na taa isiwake, usifurahi. Ama balbu imeungua, ama waya umekatika, ama kaboni zimekwisha na hazigusi tena. Balbu ya bei ya chai inaweza kuifanya alternata nzima isichaji, au ichaji tu baada ya kupandisha injini resi kubwa. Na ukibadilisha balbu hiyo kwa LED ndogo kwa sababu inapendeza, kuna uwezekano ukajitengenezea ugonjwa uleule, maana LED haipitishi umeme wa kutosha. Taa ikikataa kuzimika injini inapotembea, alternata haitoi. Ikiwaka hafifu, kama sigara gizani, mara nyingi dayodi ina hitilafu au kuna volti zinazopotea njiani. Ila kumbuka kwa mzee wetu taa ilizimika kama kawaida. Taa inajua habari za alternata, za betri haizijui.

Mkanda ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza kwa dole gumba katikati ya nafasi ndefu kati ya puli mbili. Ukiingia kama sentimita moja uko sawa. Ukilegea unateleza, unapiga kelele wakati wa kuwasha, na unaacha unga mweusi chini yake. Ukikazwa kupita kiasi unaua beringi. Kwenye injini nyingi ndogo mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji ya kupoza, kwa hiyo ukikatika hupotezi chaji tu. Na wenzangu tafadhali, mtandio, kanga, kamba ya kitambulisho cha chuo, vyote vikae mbali mkanda unapozunguka.

Dayodi ikifa unaweza kuisikia, alternata inavuma sauti ya kukoroma. Weka mita kwenye volti za AC juu ya betri injini ikitembea. Ikizidi nusu volti, shaka ni kubwa. Dalili nyingine ninayoipenda: asubuhi, kabla injini haijawashwa, gusa alternata kwa kiganja. Ikiwa ina uvuguvugu na boti imelala usiku kucha, dayodi inavujisha umeme wa betri kurudi nyuma. Hapo ni kweli, mpelekee fundi wa umeme.

Kinyume chake pia kipo. Volti 15 na kuendelea kwenye betri maana yake kidhibiti kimeacha kazi. Betri inachemka, inanuka kama yai viza, balbu zinaungua ovyo. Gesi inayotoka wakati betri inachajiwa ni haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua, kwa hiyo fungua kifuniko cha injini hewa iingie kabla ya kufungua waya wowote. Betri zinazofunguka ziongezwe maji safi ya mvuke yasiyo na chumvi. Ukisema "maji ya betri" dukani hakikisha hujapewa asidi.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani ambacho ningefurahi kikifa leo. Fundi anawasha injini, anachomoa waya wa betri, injini ikiendelea anasema "alternata nzima". Kwanza, dizeli nyingi za zamani haziitaji umeme kuendelea kutembea, kwa hiyo kipimo hakithibitishi kitu. Pili, alternata ikinyimwa betri ghafla volti zake zinaruka juu sana kwa muda mfupi na kuunguza dayodi na kidhibiti, wakati mwingine na redio juu. Ukimwita mgonjwa, kisha ukampiga rungu kuona kama yu hai, umempima? Kosa hilohilo linafanyika kwenye boti zenye swichi kuu ya betri mbili: mtu anaizungusha ikipita kwenye "zima" huku injini inatembea. Izungushe injini ikiwa imezimwa, isipokuwa unajua kwa hakika swichi yako haikati katikati.

Mashine za nyuma, zile za Yamaha na wenzake ambazo fukwe zetu zimejaa, hazina alternata ya mkanda. Sumaku za kudumu zimebandikwa ndani ya gurudumu la juu, koili ziko chini yake, na kuna kiboksi kimoja kinachonyoosha umeme na kudhibiti volti. Mashine nyingi ndogo za kuvuta kwa kamba hazina kabisa mfumo wa kuchaji, au zina koili ya taa tu, kwa hiyo usitafute ugonjwa wa kiungo ambacho hakipo. Zenye kuchaji zinatoa kidogo sana zikiwa taratibu, pandisha resi kabla ya kuhukumu. Betri ikikaa 12.4 hata resi ikiwa juu, pima koili kwa omu: kati ya waya na waya ukinzani uwe mdogo, kati ya waya na mwili wa mashine pasiwe na njia kabisa. Koili zikiwa nzima, kilichobaki ni kile kiboksi au waya zake. Kipimo cha kupoteza volti kinafanya kazi hapa vilevile.

Na taa ya chaji ikiwaka mkiwa katikati ya bahari? Tazama joto la injini kwanza, betri baadaye. Joto likipanda, mkanda umekwenda na pampu pamoja nao, zimeni kabla injini haijakwama. Joto likiwa sawa, msizime. Dizeli isiyotegemea umeme itawafikisha, na mkiizima huenda betri isiweze kuiwasha tena. Zimeni spika, chaja, taa za kazi, kila kitu isipokuwa redio, taa za usiku kama giza limeingia, na pampu. Elekeeni nyumbani. Mjulisheni mtu wa nchi kavu mapema, betri ikiwa bado ina nguvu ya kusema, kwa sababu redio ya wati 25 ukibonyeza kuongea inavuta ampea 5 au 6, na betri dhaifu itakubali kusikiliza lakini itagoma kuzungumza. Chini ya benchi pawe na mkanda wa akiba wa saizi ileile, spana inayoingia kwenye bolti ya kuukazia, na tochi yenye betri zake yenyewe.